Mume Wangu Anamzamisha Ziwani Mtoto Aliyefia Mapajani Mwangu

Admin, naomba usiweke jina langu wala picha yangu. Hapa mjini sina mtu wa kumwambia haya ambaye hamjui mume wangu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, naishi Gungu, Kigoma. Kazi yangu ni kutunga na kuchora vitabu vya watoto wadogo, vile vya picha kubwa na maneno machache. Mume wangu alikuwa mwalimu, akaacha kazi ili atembeze vitabu vyangu mashuleni, maana mimi mbele za watu ulimi unakuwa mzito. Yeye anaongea, mimi nachora. Tulikwenda hivyo vizuri tu.

Tulikuwa na binti, hapa nitamwita Zawadi. Alifariki akiwa na miaka minne, kwa kichomi. Tulimpeleka hospitali, wakahangaika naye sana, asubuhi akakata roho mapajani mwangu, baba yake amemshika miguu.

Baada ya msiba nilikaa muda mrefu bila kushika brashi. Niliporudi mezani nilichora kifaranga wa kuku aliyelelewa na bata. Ndugu zake wakiingia ziwani naye anataka kuingia, mama bata anamzuia, anabaki ufukweni amenuna mpaka anagundua raha ya kuchakura wadudu mchangani. Huku kwetu watoto wanatumwa ziwani kuchota maji na kuosha vyombo, na wengine hawarudi. Ndiyo maana nikakitunga. Watoto wakakipenda mno. Zawadi hayumo kwenye kitabu kile.

Mwaka huu tuliitwa kwenye ukumbi mmoja pale Mwanga, hapa hapa mjini. Kulikuwa na wafadhili waliotaka kukisambaza kitabu kwenye shule za mwambao wote. Mume wangu akasimama kuongea kama kawaida, mimi nimekaa kiti cha nyuma. Akasema kitabu hiki kimetoka kwenye kidonda cha familia yetu. Akasema binti yetu alitoka nyumbani na sufuria kwenda kuosha ziwani, hakurudi, na kwamba mimi ndiye niliyekuta kandambili zake juu ya mawe. Akalia. Machozi ya kweli kabisa, na kamasi juu. Ukumbi ukalia naye, mama mmoja akaja kunikumbatia. Nilimwangalia mume wangu akipangusa pua, nikatoka nikaenda kutapika nyuma ya vyoo.

Jioni aliomba ugali. Nikampikia kwa mazoea tu. Akala samaki wa migebuka akilamba vidole, akifurahi kwamba wafadhili wamekubali. Nikamuuliza kwa nini amesema vile. Hakushtuka hata kidogo.

"Mama Zawadi, si alikufa? Kufa ni kufa. Angalau sasa anasaidia wenzake."

Mafuta ya samaki yalikuwa yanang'aa kwenye ndevu zake. Tangu jioni ile siwezi kula naye meza moja. Hata shuka alilolalia naona kinyaa kulifua.

Nilifikiri mama mkwe atamkanya. Nilimfuata Ujiji, nikampa shikamoo, nikamweleza yote. Yeye ndiye aliyemwosha Zawadi siku ya mazishi, kwa mikono yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia ninyamaze, mume wangu anatafuta riziki, na aliye kaburini hatajua.

Habari ikaenea. Watu wananisimamisha sokoni kunipa pole. Siku moja akaja nyumbani mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi, ameniletea dagaa kwenye mfuko. Mwanawe wa kiume alizama, wavuvi wakatafuta mpaka wakakata tamaa. Tukakaa mkekani. Akaniuliza taratibu:

"Dada, ninyi wa kwenu mlimpata?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akasema, "Basi Mungu aliwahurumia. Mimi sina hata kaburi la kupalilia."

Alipoondoka nilijiona na mimi nimechafuka kama mume wangu.

Sasa wafadhili wanataka kitabu kichapwe upya, kifaranga atolewe, awekwe mtoto wa kike. Mume wangu amewapa picha ya Zawadi, ile ya gauni la njano aliyopigwa siku ya sikukuu. Ameileta mezani kwangu, akanielekeza niuchore uso ule ukiwa ndani ya maji, mdomo wazi, ili watoto waogope. Nilimwambia siuchori. Akasema atatafuta mchoraji mwingine, na nikifungua mdomo, shule zitakirudisha kitabu, watoto wataendelea kuzama na dhambi itakuwa yangu. Nimebeba michoro yangu yote na ile picha, nimehamia kwa dada yangu pamoja na binti tuliyempata baada ya msiba. Lakini picha alishaipiga kwa simu akawatumia wafadhili, wanayo.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba maneno yake kuhusu kitabu yana ukweli. Kuna watoto wamekisoma wakaacha kuogelea kwenye kina kirefu, walimu wameniambia. Nikisema ukweli, nani atakishika tena?

Juzi binti yangu mdogo, ambaye hakumkuta dada yake duniani, amerudi kutoka shule, akaniuliza kama dada Zawadi aliliwa na samaki. Nilimbeba, nikampeleka makaburini, nikamwonyesha alipolala. Akauliza kwa nini basi baba anasema vile.

Uzinduzi wa kitabu hicho kipya unakaribia na wanataka nisimame jukwaani karibu naye. Moyo wangu unaniambia nianze kwa yule mama wa Kibirizi, nimwambie nilimdanganya, kabla hajasikia kwa mwingine. Namwogopa yeye peke yake kuliko ukumbi mzima. Ninyi mliozika watoto, na ninyi ambao ziwa halijawarudishia wenu, naomba mniambie bila kunionea haya: nikimwendea mama yule, nimwambie nini?