Aliyesimama Rakaa ya Tatu

Ya kusikia kwa watu mie sisimulii. Hili lilinikuta mwenyewe, jua likiwa utosini na akili zangu timamu. Asiyetaka kuniamini ana hiari yake.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilitoka kwetu Chumbageni, Tanga, kwa baiskeli, peke yangu, nivuke nyika hadi Mng'aro, nyuma ya milima ya Usambara, nikamwone dada yangu aliyekuwa amejifungua. Treni ilikuwepo? Ilikuwepo, hadi Mombo. Lakini nilikuwa kijana mbishi mwenye baiskeli mpya, nani angenishika? Mama alinifungia tende, mikate ya kumimina, kanga ya kumbebea mjukuu wake, na chupa ya mafuta ya nazi nijipake nisipauke. Mafuta yote yaliishia kwenye mnyororo.

Barabara ya Horohoro haikunipa taabu. Nilipoiacha na kushika nyika kuelekea magharibi, ndipo nilipojua kuwa baiskeli nayo hubebwa. Mchanga ukizidi unaisukuma, miiba ya migunga ikizidi unaitia begani. Kila asubuhi nakaa chini, natoa mpira, nausikiliza unavujia wapi, nabandika kiraka, najaza upepo, naenda kidogo, pancha nyingine. Nikawa nazungumza na baiskeli, naibembeleza. Usicheke. Nyikani utazungumza na chochote.

Siku moja niliteleza kwenye korongo, chupa kubwa ya maji ikapasuka. Ikabaki ndogo, nayo ina mafunda mawili matatu. Niliambiwa mto Umba uko mbele, lakini mbele ipi? Njia za wanyama zilipishana kila upande. Niliogopa, sikufichi.

Adhuhuri ilipoingia nikailaza baiskeli mbele yangu, upande wa kibla. Nikatayamamu kwa vumbi, maana maji niliyokuwa nayo yalikuwa ya kuokoa roho. Nilipoinua uso, pembeni yangu amesimama mzee mwenye kanzu iliyochakaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tangulia wewe, mie nakufuata."

Mikono yake ilikuwa imelowa hadi viwikoni. Ametawadha kwa maji yule, na mimi ulimi umenikauka.

"Mzee, maji umeyapata wapi?"

"Tusali kwanza. Maji hayakimbii."

Nilimdhania msafiri mwenzangu. Nikasalisha rakaa mbili, kwa kuwa msafiri ameruhusiwa kuzifupisha zile nne. Nikatoa salamu kulia na kushoto. Mzee hakutoa. Aliinuka taratibu, akasimama rakaa ya tatu.

Unaona maana yake? Anayekamilisha nne nyuma ya msafiri ni mwenyeji wa mahali. Mwenyeji wa wapi? Tangu jana yake sikuwa nimeona kibanda, wala jivu la moto, wala mbuzi. Nikamtazama vizuri. Kanzu yake ilikuwa ikipepea, na upepo haukuwepo hata wa kutikisa jani.

Niamini, miguu yangu ilikwisha kuamua. Lakini baiskeli ilikuwa imelala mbele yake, na kuifuata ni kupita mbele ya mtu anayesali. Mimi nimelelewa Chumbageni. Mama angenitia kofi mbele ya jini huyo huyo. Basi nikakaa pale pale, meno yanagongana, nikamngoja amalize.

Alipotoa salamu alinitazama kwa huruma, hata nikaona haya kwa kumwogopa.

"Wengine hukimbia," alisema. "Hukimbilia kule, kwenye tambarare nyeupe. Na maji yako huku. Huniumiza sana moyo."

Akatangulia. Nyuma ya vichaka, si mbali, ulikuwepo mkondo wa mto uliokauka. Akanionyesha penye mchanga mweusi. Nikachimba kwa mikono, maji yakachomoza, ya baridi. Nikainama nikanywa hadi tumbo likaniuma. Nilipoinua kichwa nimshukuru, nilikuwa peke yangu. Nikalia, na wakati huo hofu ilikuwa imekwisha.

Nilipofika Mng'aro, dada alinipakatisha mtoto, nikawasimulia. Shemeji yangu akasema kuwa kabla yangu kijana mwingine wa baiskeli alikutwa kwenye ile tambarare, amekufa kwa kiu. Baiskeli yake na makubadhi yake yalikutwa karibu na ule mkondo. Makubadhi yalikuwa yamepangwa vizuri, kama ya mtu aliyeyavua ili asali.

Kwa hiyo wewe utakayepita nyika ile, mtu akisimama nyuma yako rakaa ya tatu, usiinuke. Kaa, hata ukitetemeka.

Mimi sasa ni mzee, na baiskeli sipandi tena. Lakini nikisali peke yangu chumbani, nikishatoa salamu siondoki kwenye mswala. Mke wangu huniuliza ninangoja nini. Namwambia, namngoja mwenzangu amalize.