Jini wa Namba Sitini na Tatu

Bi Zuhra wa Ujiji alishuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda changu, kapakata redio iliyofungwa kwa khanga. Akaiweka mezani taratibu, akaniambia nimtoe jini.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Recho, sijaja kuchekeshana. Yumo humo. Anakaa namba sitini na tatu."

Wewe unayesoma, usinikimbie. Mimi si mganga. Nina kibanda cha steshenari hapa Gungu, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nawajazia wanafunzi maombi ya vyuo mtandaoni. Watu wakishindwana na vifaa vyao wananiletea. Majini hayamo kwenye bango langu.

Lakini huyu ni Bi Zuhra. Anauza dagaa na mawese soko la Ujiji, na mdomo wake unajulikana mpaka Mwandiga. Ukiwa na msiba yeye ndiye wa kwanza kufika, halafu yeye huyohuyo ndiye wa kwanza kuwasema waliochelewa. Mtu wa hivyo humwambii aende zake.

Nikafungua khanga.

Ilikuwa redio ndogo ya Kichina, mpya, ile ya kuchomeka memori kadi, na kadi kaitoa kwenye simu yake ya zamani. Kila alfajiri akishaswali, Bi Zuhra anaiwasha asikilize kaswida. Zinapiga vizuri tu, moja baada ya nyingine, mpaka sitini na mbili.

Ikifika sitini na tatu, redio inalia.

"Inalia vipi?"

"Kwii. Halafu krrr. Halafu kimya, naizima."

Nikaiwasha, nikaenda namba sitini na tatu. Kwii, krrr, kimya. Mteja aliyekuwa anasubiri kopi zake akasema atarudi baadaye.

Jirani wa Bi Zuhra, Asia, ndiye aliyegundua kuwa ni jini. Ustadhi Abdul akaitwa, akasoma dua, akanywa chai na vitumbua, akaondoka. Kesho yake alfajiri jini akalia vilevile.

"Sasa we si una kompyuta? Mfute huyo, unibakizie kaswida zangu," akasema Bi Zuhra.

Kufuta ni kazi ndogo. Unachagua, unabonyeza, basi. Nikachomoa kadi, nikaichomeka kwenye laptopu, nikaiona sitini na tatu, kidole kikawa tayari.

Kilichonizuia ni umbea wangu mwenyewe. Nilitaka kwanza kumjua jini anafananaje.

Kwenye kadi, kila kitu kiliitwa jina moja. KHALFANI MTAALAMU 01, KHALFANI MTAALAMU 02, mpaka mwisho. Hapo nikaanza kunusa harufu ya binadamu.

Kama ulikuwa na simu enzi zile za kabla ya bando, unawajua akina Khalfani. Unampelekea kadi kibandani kwake, anakurushia nyimbo. Huyu wetu ana kibanda mtaa wa Mwanga mpaka leo. Akishakurushia, anapitisha programu inayobadilisha majina yote kwa mkupuo, ili kila utakayemrushia nawe aone tangazo lake.

Tatizo ni kwamba programu yake haichagui. Inabandika jina la Khalfani na mkia wa MP3 kwenye kila inachokikuta. Ukimpa kadi yenye picha za harusi yako, anakurudishia nyimbo zisizoimba.

"Bi Zuhra, hapa hakuna jini. Kuna faili limevishwa nguo isiyo yake."

"Nguo gani tena?"

Nikamgeuzia laptopu. Nina programu inayoonyesha faili likiwa uchi, yaani zile herufi na namba zilizoko ndani kabisa. Jina unaweza kulibadilisha utakavyo. Ila ndani, mwanzoni kabisa, karibu kila aina ya faili ina alama yake, na kubadilisha jina hakuigusi.

"Ni kama mtu akupigie hodi aseme 'mwakeye'," nikamwambia. "Hata kama kitambulisho kinasema ni mzaliwa wa Tanga, si utajua huyo Muha?"

"Nitamjua kabla hajamaliza."

"Basi na mafaili ni hivyo hivyo. Tunaangalia linavyobisha hodi."

Kaswida zake zilianza na ID3. Hiyo ni alama ya nyimbo, hazina shida. Lakini kulikuwa na mafaili machache yasiyofanana na wenzake, na redio haikuwa imeyafikia kwa sababu yalikuwa baada ya sitini na tatu, na Bi Zuhra akishasikia ile kwii hupenda kuzima kabisa.

Nikafungua la kwanza. PK. Hicho ni kifurushi, kikatoka kimchezo cha simu za zamani. Nikaachana nacho.

La pili, FF D8. Nikatabasamu.

"Hii ni picha."

Nikafanya nakala, nikaivua mkia wa MP3, nikaivisha wa picha, nikaifungua. Akatokea Bi Zuhra mwenyewe, kijana kidogo, kashika mgebuka, samaki mrefu kama mkono wake, anamkaripia anayepiga picha.

Nilidhani atacheka. Akaiangalia, akavuta kiti, akakaa.

"Hiyo kapiga Ikram," akasema.

Mimi Ikram nilikuwa namsikia tu. Ni bintiye wa pekee. Kila mtu Ujiji anajua kwamba kwa Bi Zuhra jina hilo halitajwi. Sasa kalitaja mwenyewe, kibandani kwangu, nami sikujua niweke wapi macho.

"Alimpenda Feliksi," akaendelea, kama vile nimemuuliza. "Yule fundi wa injini za boti aliyetoka Kalemie. Kijana mzuri, sikatai. Ila Mkristo, halafu ng'ambo huko. Tukagombana usiku kucha. Nikamwambia sitaki kuisikia sauti yako tena. Asubuhi hayupo, kavuka ziwa."

"Hakuaga?"

"Hakuaga. Mtoto niliyemzaa mimi. Kaondoka kama mgeni wa gesti."

Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akarudi kuwa Bi Zuhra.

"Haya, mfute jini wako niende. Nimeacha dagaa juani."

Nikafungua sitini na tatu.

Herufi za mwanzo zikasomeka bila hata kutafsiri. #!AMR.

Hiyo ni alama ya sauti iliyorekodiwa kwa simu, zile simu za vitufe za zamani. Si wimbo na si mchezo. Ni mtu aliyeshika simu akaongea. Redio ililazimishwa kuipiga kama wimbo, ikawa inatapatapa, na ile kwii ndiyo ilikuwa kutapatapa kwenyewe.

Nikaangalia tarehe ya faili. Nikamsomea mwezi na mwaka.

Bi Zuhra akahesabu kwa vidole.

"Ndio mwezi alioondoka," akasema.

"Hii ni sauti ya mtu. Nifute, au tusikilize?"

Nitakuwa mkweli, niliogopa. Ingekuwa ni Ikram anamtukana mama yake, mimi ningemrudishaje huyu mama nyumbani? Na kama ni ukimya mtupu, ningempa tumaini la bure. Bi Zuhra akasogeza kiti karibu.

"Piga," akasema.

Nikabadilisha mkia, nikabonyeza.

Kwanza jogoo. Halafu mtu anakoroma kwa mbali, kwa nguvu.

"Nani huyo anakoroma?" Bi Zuhra akauliza.

"Nadhani ni wewe."

"Mie sikoromi."

Halafu sauti ya msichana, anaongea kwa kunong'ona, karibu kabisa na simu.

"Mama, ni mie Ikram. Usizime kwanza. Nimejiweka kwenye kaswida zako, maana najua ukishaswali lazima uwashe simu. Umesema hutaki kuisikia sauti yangu tena. Sawa, mama, hii ndo ya mwisho, sitakupigia nikakuudhi. Ila kila Idi nitakubipu. Mara moja tu, nakata, ujue mwanao mzima. Siku moyo wako ukipoa, wewe ndo unipigie. Hata ikiwa baada ya miaka, mie nitapokea. Nisamehe, mama. Umelala vizuri, naogopa kukuamsha."

Ikaisha.

Bi Zuhra alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Hajui kusoma, na Ikram alilijua hilo. Barua isingefaa kitu, ndiyo maana akaacha sauti, mahali pekee ambapo mama yake angeikuta kabla jua halijatoka.

"Mbona sikuisikia?" akauliza. Mara hii hakuwa ananiuliza mimi.

Nikampigia Khalfani, nikaweka spika.

"Khalfani, unaikumbuka kadi ya Bi Zuhra wa Ujiji?"

"Nitaachaje kuikumbuka. Alinijia asubuhi na mapema anatweta. Akasema futa kila kitu cha huyu binti, weka kaswida tupu. Mbona, kuna shida?"

"Ukafuta?"

Akasitasita. "Aisee Recho, kuchambua kimoja kimoja nani ana muda huo? Nilirushia kaswida zaidi, nikapitisha programu ya majina, nikampa kadi yake. Hakurudi kulalamika."

Yaani mama aliamka, akakuta kitanda cha bintiye kitupu. Siku hiyo hata kaswida hakuwasha. Akachomoa kadi kwenye simu, akaipeleka Mwanga yeye mwenyewe ikafutwe. Na kama Khalfani angekuwa mtu wa kufanya kazi yake sawasawa, ile sauti isingekuwepo leo. Nimemsema sana Khalfani maishani, lakini siku ile nilimwombea dua kwa uvivu wake.

Nikakata simu. Bi Zuhra alikuwa ameshaanza kubadilika rangi.

"Kasema kila Idi?"

"Kila Idi."

"Anabipu mara moja, anakata?"

"Ndivyo alivyosema."

Akaingiza mkono kifuani, akatoa kitochi chake, kisimu cha vitufe, akanisukumia mezani kama kitu kinachochoma.

"Matapeli," akasema.

"Matapeli gani?"

"Kuna namba ya Kongo. Kila Idi, watu tuko kwenye pilau, inalia mara moja, inakata. Sokoni tuliambiwa namba za nje ukizipigia zinakomba salio lote. Nikasema hawa matapeli hata sikukuu hawapumziki. Nimewatukana, Recho. Mbele za watu. Mwaka juzi nikamwambia Asia aniandikie jina, ili simu ikiita nimpe mtu anisomee, nisije nikapokea kwa bahati mbaya."

Nikafungua orodha ya majina. Hayakuwa mengi. Nikashuka mpaka herufi T.

TAPELI KONGO.

Namba inaanza na mbili nne tatu. Nikamwonyesha, ingawa hawezi kusoma. Akagusa kioo kwa kidole, palepale kwenye jina.

Miaka yote ile binti alikuwa anabisha hodi, na mama alikuwa anasimulia sokoni namna alivyomshinda tapeli. Na kule ng'ambo ya ziwa, kila Idi iliyopita bila kupigiwa, Ikram alikuwa anaelewa kwamba hajasamehewa.

Nililia. Sioni haya kusema. Nililia mimi kabla ya mwenye mtoto.

"Usinililie hapa," akasema Bi Zuhra. "Weka vocha, upige."

Kitochi hakikuwa na salio la kufika Kongo, nikaongeza. Nikapiga, nikaweka spika, nikamwekea mkononi.

Ikaita mara moja tu, ikapokelewa.

Tulisikia soko, watu wanaongea Kiswahili cha kule, pikipiki inapita. Na mtu anapumua.

"Haloo," akasema Bi Zuhra.

Kimya. Yule mtu anapumua tu.

Mimi nikadhani mtandao. Bi Zuhra alielewa kabla yangu. Binti alikuwa bado anatii. Mama alisema hataki kuisikia sauti yake, na hilo katazo hakuna aliyewahi kulifuta.

Bi Zuhra akaisogeza simu mdomoni. Nikasubiri aseme nimekusamehe, au nisamehe. Huyu mama hakuumbwa hivyo.

"We Ikram," akafoka. "Miaka yote hiyo unabipu tu. Huyo Feliksi hana hela ya vocha?"

Kule ng'ambo mtu akacheka, kicheko kikakatika katikati kikawa kilio.

"Shikamoo, mama."

Bi Zuhra akafumba macho.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Sema tena."

Nikatoka nje nikawaachia kibanda. Wateja walionijia siku hiyo niliwaambia umeme umekatika.

Ndugu zangu, wengi wa watu tunaowajua tumewapachika majina wenyewe, tena siku tukiwa na hasira au tukiwa na uvivu. Tapeli, mkaidi, asiye na shukrani. Halafu tunaishi na jina hilo, hatumfungui tena mtu kuona ndani ameanzaje.

Kama leo kuna unayetaka kumfuta, kidole chako kiko tayari, nakuomba umsikilize kwanza. Kumfuta utaweza hata kesho.