Timu ya Mbeya ilinichagua, haikunisajili, ikanirudisha Tunduma "nikakue"

Wakuu, salaam.

Wiki hii nimesoma humu ubishi wa vijana kuhusu basketi ya Marekani. Timu kubwa inamchagua mchezaji kwenye draft, ule mgawo wa wachezaji wapya, haimsajili, inamwacha ligi ndogo akakue huku ikishikilia jina lake. Wengine wanasema ni uonevu, wengine wanasema ni akili.

Mimi nilifanyiwa hivyo hapa hapa nchini, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nitaeleza nilichokiona na kukisikia tu. Pale nisipokumbuka, nitasema.

Kwanza mazingira, ili twende pamoja.

Wakati ule Songwe haikuwa mkoa, Tunduma ilikuwa Mbeya. Wachina waliojenga reli walikuwa wameshaondoka, wakaacha kwenye eneo la kambi yao sakafu ya zege yenye magoli mawili ya basketi. Wale jamaa waliupenda sana huo mchezo. Sisi watoto tuliokuwa tukiwachungulia jioni tukaurithi. Ndiyo maana mji mdogo wa mpakani, ambao hata sabuni ulikuwa unaifuata Nakonde, upande wa Zambia, kwa kujificha, ulikuwa na timu ya basketi.

Timu kubwa zilikuwa za mashirika ya umma. Hulipwi kucheza. Unasajiliwa kwa kuajiriwa: mchana wewe ni karani au mlinzi, jioni mchezaji. Kwa hiyo usajili ulitegemea ikama, yaani idadi ya nafasi za kazi ambazo shirika limeruhusiwa kuwa nazo. Ikama ikijaa, hata ufunge ukiwa umefumba macho, huingii.

Mimi nilikuwa kijana niliyeishia darasa la saba, nashusha magunia ya mahindi yanayotoka Msangano. Kwenye mashindano ya mkoa, kocha wa shirika moja la Mbeya, nitamwita Anyosisye, aliniona nikifunga nitakavyo chini ya goli. Nilikuwa mrefu kuliko wote pale. Akaniita pembeni.

"Kijana, nimekuchagua. Jina lako liko kwangu msimu mmoja. Ikama ikitoka, unaingia. Isipotoka, kila mtu na njia yake."

"Na msimu wote huo nifanye nini, mzee?"

"Rudi Tunduma ukakue."

Nyumbani kulikuwa na mama, mjane, na wadogo zangu. Ajira ya shirika ilikuwa mshahara, nyumba na matibabu. Mama akaanza kuwaambia wenzake kanisani kwamba mwanawe anakwenda Mbeya. Nilimwomba anyamaze. Hakunyamaza.

Sasa sikilizeni maagizo niliyorudi nayo.

Kocha wetu Tunduma alikuwa Mwalimu Kibona, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Ileje. Anyosisye alimwambia nisicheze tena chini ya goli. Nicheze nje, nidunde mpira, nigawe pasi.

Nilimlalamikia Mwalimu. Akanijibu taratibu, na ile lafudhi yake ya Kindali:

"Mwanangu, hapa Tunduma wewe ni mnara. Kule Mbeya utakuwa mtu wa kawaida tu mwenye suruali fupi. Warefu wanao. Wanataka mrefu anayejua kudunda."

Ilikuwa kweli. Lakini kweli hiyo iliigharimu timu.

Mpira ulinikataa. Mkono wa kushoto ulikuwa kama wa kuazima. Nilinyang'anywa mpira mbele ya watu walionijua tangu nazaliwa. Mechi tulizokuwa tukishinda msimu uliopita tukawa tunapoteza.

Chini ya goli, mahali pangu, Mwalimu alimweka Simbeye. Huyu alikuwa dereva wa lori la Hajji mmoja wa pale mjini. Mtu mzima kuliko sisi, mfupi, mpana kama kabati, mdomo hauna breki. Yeye ndiye aliyenipa jina la Mali ya Mbeya.

"Jamani msimguse huyo! Mali ya Mbeya! Akipasuka nani atalipa?"

Jina likasambaa. Hata akina mama wauza ndizi wakawa wananiita: "Mali ya Mbeya, huo mpira umekukosea nini mpaka unaukimbia?"

Nilikuwa nacheka nao. Usiku silali.

Maana fikirieni hesabu yenyewe. Nikirudi chini ya goli, timu inashinda, mji unanipenda, ila Anyosisye ataona sikukua. Nikibaki nje, ninajifunza, lakini timu inashuka daraja na ninalaumiwa mimi. Na ikama yenyewe hakuna anayejua kama itatoka.

Nikaamua kubaki nje. Alfajiri kabla ya magunia nilikuwa peke yangu kwenye ile zege nadunda kwa kushoto. Simbeye akipita na lori anapiga honi, anatoa kichwa: "Punguza mwendo, unaingia kona!"

Kuelekea mwisho wa msimu mkono ukaanza kusikia. Na kuna kitu kilitokea ambacho sikukipangia: pasi zangu zikawa zinamfikia Simbeye akiwa amegeuka tayari, naye anazifunga. Mtu aliyekuwa anahesabika mzee wa timu akaanza kuogopwa.

Mechi ya mwisho tulicheza na Vwawa, nyumbani. Tukifungwa tunashuka. Asubuhi Mwalimu akaniambia Anyosisye anakuja.

"Nafasi moja imetoka," alisema. "Hakuniambia zaidi. Leo sikukatazi kitu. Ukitaka chini, ingia chini. Ukitaka nje, kaa nje."

Wakuu, bora angenikataza.

Mjomba wangu alivuka kutoka Nakonde kuja kuangalia. Akanishika bega: "Funga mwenyewe leo. Mtu hasajiliwi kwa kumpa mwenzie."

Anyosisye alifika na pikapu ya shirika, akiendesha mwenyewe, akakaa kwenye kiti kando ya Mwalimu. Mikono kifuani.

Mechi siikumbuki yote. Nakumbuka joto la ile zege kupitia raba zilizotoboka, na kwamba hakuna aliyeongoza kwa zaidi ya vikapu viwili. Nakumbuka mwenye saa akiinua mkono kuonyesha dakika ya mwisho, sisi nyuma kwa pointi moja, mpira uko kwangu.

Nikadunda kwenda kulia, nikabadili kushoto. Wa kwanza nikamwacha. Mbele yangu njia ikafunguka mpaka kwenye goli. Nilisikia sauti ya mjomba: "Mwenyewe! Mwenyewe!"

Vwawa wawili wakanirukia kwa pamoja. Kwa urefu wangu ningeweza kujaribu juu yao. Nilitaka kujaribu.

Mikono ikatoa pasi. Nasema mikono, kwa sababu sikumbuki kuamua. Simbeye alikuwa amegeuka tayari. Akafunga.

Mji ukaingia kiwanjani. Simbeye akabebwa, akawa anapiga kelele huko juu: "Nishusheni taratibu, mimi ni mzigo wa tani saba!" Mimi niliokota mpira, nikamtazama Anyosisye.

Alikuja moja kwa moja. Akasimama mbele yetu wachezaji na kuuliza:

"Nani hapa ana leseni ya udereva?"

Tukatazamana. Tulidhani anataka mtu wa kumsogezea gari.

"Mimi," Simbeye akasema, bado anahema. "Ya malori."

"Washa hiyo pikapu, zunguka uwanja."

Akaizungusha kiwanja chote bila tabasamu, mara ya kwanza naona Simbeye amenyamaza. Anyosisye akarudi kwangu.

"Umekua. Nimeona, na sitasema sikuona. Lakini nafasi iliyotoka ni ya dereva, wetu mmoja amestaafu. Mwajiri hanipi mchezaji, ananipa dereva. Nikimwambia nimepata mtoa pasi mzuri, ataniuliza pasi za kwenda wapi."

"Ungeniambia mwanzoni nijifunze gari, mzee."

"Mwanzoni sikujua nani atastaafu."

Hakunidanganya hata neno moja, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Simbeye alishuka, akanijia. Alikuwa na mke na watoto, na lori la Hajji lilikuwa linalala kwa kukosa spea.

"Mdogo wangu, ukisema nisiende, siendi."

"Nenda."

"Mali ya Mbeya inabaki Tunduma, mimi ndio naenda," akasema. Alijaribu kucheka, ikashindikana.

Mama aliyajua kabla sijafika nyumbani. Aliniwekea maji ya kuoga.

Msimu ukaisha, jina langu likaachiwa. Nilimchukia Simbeye kwa miezi kadhaa, siwafichi. Kisha siku moja akapaki lori la shirika mbele ya ghala nilipokuwa nashusha magunia. Akafungua mlango wa dereva, akasogea upande wa utingo.

"Panda. Leo wewe ndiye unashika usukani, mimi ndiye ninayeogopa."

Kila alipopata safari ya Tunduma alinifundisha, mpaka nikapata leseni. Timu ya shirika sikuichezea kamwe. Lakini magari yamenilea mimi na wadogo zangu, na kila kitu kingine ninachokijua, kupiga chapa, hesabu, Kiingereza cha forodhani, nilijifunza mwenyewe baada ya siku ile, nikiogopa nafasi nyingine isije ikatoka kwa jina nisilolijua.

Nilichojifunza: ligi ndogo ilifanya kazi yake. Ilinikuza kweli, na pasi ile ningeitoa tena. Tatizo lilikuwa kwamba anayekukuza na anayeshika nafasi si mtu mmoja. Vijana mnaojitolea maofisini mkiambiwa subirini, msiulize tu itatoka lini. Ulizeni ikitoka, itatoka kama nafasi ya nini, kisha mjifunze na hicho.

Simbeye yuko hai, ana mvi kichwa kizima. Tukikutana bado ananiita Mali ya Mbeya, na ninaitika.

Nyie mlioshikiliwa majina bila kusajiliwa, mpirani au kazini, semeni na nyie. Na mjomba wangu alikuwa sahihi au la? Kwa hilo nakubali kupingwa.