Namba Nilizoandika Bila Kuziona

Siku mzee wa chumba cha mwisho aliponituma nikaangalie pampu namba mbili, nilitoka nikasimama kwenye korido nikijiuliza kama nyumba yetu ina pampu. Nilikuwa na miezi minne tu pale. Nilijua aproni zinawekwa wapi, nilijua friji ya dawa na mashine za kufulia. Pampu sikuijua. Nikamfuata nesi wa zamu, Mkenya ambaye tulikuwa tukizungumza naye Kiswahili wakubwa wasipokuwapo.

"Pampu gani tena, dada?"

"Mzee anasema namba mbili ilikuwa inapiga kelele jana."

Akacheka ndani ya barakoa. "Huyo alifanya kazi kwenye kituo cha umeme wa nyuklia huko ng'ambo, wanasema miaka thelathini. Equipment operator, mwendeshaji wa mitambo. Mwambie pampu iko sawa, wewe endelea na kazi yako."

Nikarudi nikamwambia pampu iko sawa. Akaniuliza joto lake. Nikasema, "Sawa tu." Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniajiri lini.

Hiyo ilikuwa nyumba ya kutunzia wazee, Campbelltown, Australia, mwaka wa pili wa Covid. Mimi natoka Kongo ya mashariki, nilipitia kambini Kenya miaka mingi, na siku hizo nilikuwa ninakaa Minto, vituo viwili kwa treni. Behewa zima nilikuwa peke yangu, na bado nilisimama kwa kuogopa viti. Sikuelewa kitu mwaka ule. Wiki moja tuliambiwa barakoa ya kitambaa inatosha, wiki iliyofuata ya karatasi, halafu ile ngumu inayokata pua. Kwenye ubao wa matangazo ukutani kulikuwa na karatasi tatu zenye maagizo yanayopingana, na hakuna aliyethubutu kubandua hata moja. Nyumbani binti yangu alikuwa ananiuliza kwa Kiingereza kama tunaruhusiwa kwenda bustanini, nami kwa Kiswahili ninamjibu sijui, na kesho yake ananiuliza tena.

Mzee alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa. Siku ya wiki hakuijua. Mara nyingi hakujua kama amekula. Lakini kabla hatujafungiwa alikuwa anatembea kwenye korido kila asubuhi, anagusa mabomba ya maji moto kwa mgongo wa kiganja, anaweka sikio kwenye mlango wa chumba cha kufulia, kisha anaandika kwenye kidaftari. Kwenye faili lake waliandika kwamba anazurura.

Ugonjwa ulipoingia kwenye nyumba, wazee wote walifungiwa vyumbani. Nusu ya wafanyakazi walipelekwa kukaa karantini makwao. Nikapewa upande wa mwisho wa korido, wazee kumi na mmoja. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mzee amesimama nyuma ya mlango, kidaftari mkononi.

"Nani anazunguka?" akauliza. "Hii zamu, nani anazunguka?"

Sikumwelewa. Kiingereza chake kilikuwa cha kwao, kizito, na kilipopita kwenye barakoa zetu mbili hakikubaki kitu. Nikafanya nilichozoea kufanya tangu nifike Australia nisipoelewa. Nikasema, "Yes, yes."

"Usiniambie yes," akasema, sasa polepole. "Rudia nilichosema."

Hapo ndipo masomo yangu yalipoanza, ingawa sikujua kama ni masomo au ni ugonjwa wa kusahau unaozungumza. Alinieleza kwamba kule kazini amri haipiti mara moja. Mtu anasema, wewe unarudia maneno yake, naye anathibitisha kwamba umesikia sawasawa. Maneno yanapita mara tatu kabla mkono haujagusa kitu. Aliniambia nifunge dirisha. Nikafunga. Akaniambia nilifungue, kwa sababu sikurudia. Nilikuwa na wazee kumi wanaosubiri kuoshwa, na mimi nimesimama kwenye chumba kile nikisema, "Unaniambia nifunge dirisha la kushoto," naye anasema, "Ni kweli, funga dirisha la kushoto."

Nilikasirika, lakini baada ya siku chache nikaanza kurudia hata kwa wengine. Mkuu wetu alipotoa agizo, nikalirudia mbele yake, na mara mbili ikaonekana nilikuwa nimelisikia kinyume kabisa. Nilibaki nikijiuliza, je, miaka yote ile ya yes, yes, nilikubali mambo gani?

Kila nilipokuwa namlisha alikuwa ananieleza kazi yake, vipande vipande, bila mpangilio. "Watu wanadhani tunabonyeza vitufe," alisema. "Wanaobonyeza wako juu, kwenye chumba cha udhibiti. Hawaoni mtambo, wanaona taa. Sisi tuko chini na mabomba. Sisi ndio macho yao na pua zao." Akanieleza kwamba mwendeshaji anazunguka mtambo mzima kila zamu, anasoma geji moja moja, anaangalia mafuta kwenye pampu, anasikiliza, ananusa kama kuna kitu kinaungua. Valvu yenye kibandiko chekundu haiguswi hata na mkurugenzi, kwa kuwa huenda kuna mwenzako amelala chini ya bomba hilo anatengeneza. Kabla ya kugusa valvu yoyote unaweka kidole kwenye jina lake, unalisoma kwa sauti, unajiuliza kama ndiyo hiyo.

"Na kama sina hakika?" nilimuuliza.

"Unasimama."

"Mpaka lini?"

Alifikiri. "Supu hii ni ya nani?" akaniuliza.

Siku nyingine aliniona nikivua gauni la plastiki mlangoni. Akapiga kelele nikaganda. Kumbe nilikuwa nimeshika shingo kwa glavu chafu. Kutoka kitandani akanielekeza jinsi wao walivyokuwa wakivua wakitoka sehemu zenye mionzi: glavu inashika glavu, upande wa nje haugusi ngozi, gauni linakunjwa ndani nje, barakoa mwisho. Nilikwenda kuangalia picha zilizobandikwa ukutani. Ulikuwa mpangilio uleule. Nilikuwa nimezipita picha hizo kwa wiki nyingi, sijazitazama.

Lakini alichotaka hasa ni mzunguko. Yeye amefungiwa, basi mimi nimfanyie. Akanipa orodha: mabomba ya maji moto, friji ya dawa, mashine za kufulia, na mashine za oksijeni za wazee wawili wa upande wangu. Nimletee namba. Nesi alisema, "Mpe namba zozote, atulie." Nikampa. Joto la friji, nne. Maji, arobaini na mbili. Oksijeni ya bibi wa chumba cha tatu, lita mbili. Nilizisema nikiwa ninakunja shuka lake, wala sikutoka chumbani. Alizipokea kwa heshima, akaziandika, akatulia kweli.

Siku ya nne alivua miwani.

"Mtambo unaofanya kazi hautoi namba hizohizo siku nne," alisema. "Ulikuwa umekaa wapi ulipozitunga?"

Nikasema nimezunguka.

"Hukuzunguka. Unaweza kuwa mwepesi wa kusahau, unaweza kuwa mvivu, hayo tunaweza kuyarekebisha. Lakini ukiandika namba ambayo hukuiona, wale walio juu wataendesha mtambo ambao haupo."

Nilitoka pale nimechanganyikiwa. Mtu huyu nusu saa iliyopita alikuwa ameniita kwa jina la mkewe, na sasa amenikamata kwenye uongo ambao hata wenye akili zao timamu hawakuugundua. Nilijiambia ni mgonjwa. Nilijiambia pia kwamba sijatenda kosa, kwa sababu pampu zake hazipo. Lakini friji ilikuwepo. Na bibi wa chumba cha tatu alikuwepo.

Kesho yake nikazunguka. Nilijisikia mjinga, mwanamke mzima natembea na karatasi nikigusa mabomba. Friji ilisoma sita. Bomba la karibu na jikoni lilikuwa baridi kuliko mengine. Nikampelekea, akaitikia kwa kichwa, "Hizo ndizo namba." Nikaendelea hivyo kwa siku kama tano.

Siku ya sita, mchana baada ya chakula, niliingia chumba cha tatu. Bibi alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo. Mashine ya oksijeni ilikuwa inanguruma kama kawaida, taa ya kijani inawaka. Ina kibomba cha kioo chenye kipira kinachoelea, na kipira kinatakiwa kusimama kwenye mbili. Nilikuwa tayari nimeandika mbili. Kalamu ilikuwa imeshaandika, na macho ndiyo yakafuata nyuma. Kipira kilikuwa chini, karibu na sifuri.

Nilisimama. Nikaweka kidole kwenye kioo, nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, "Hii ni mashine ya chumba cha tatu. Kipira kiko chini." Sikuamini bado. Taa ilikuwa ya kijani! Nikaufuata mpira wa kupitishia hewa kwa mkono kutoka kwenye mashine, ukaingia chini ya kitanda, na hapo gurudumu la kitanda lilikuwa limeukalia. Nikabonyeza kengele. Nesi akaja mbio, tukasukuma kitanda, kipira kikapanda. Midomo ya bibi ilikuwa imebadilika rangi. Nesi alimpima oksijeni kidoleni, akamkalisha, akaniambia nimshike mkono. Baada ya dakika chache bibi alifumbua macho akatuuliza kwa nini tumejazana chumbani kwake.

"Umejuaje?" nesi aliniuliza nje. "Mimi nilipita hapa saa tano. Nilisikia mashine, nikaona taa."

Sikuwa na furaha. Nilikuwa naitazama fomu ya oksijeni ya bibi, tuliyokuwa tunaijaza kila zamu, iliyoning'inia mlangoni. Asubuhi, mwandiko wangu: mbili. Jana: mbili. Juzi: mbili. Nilijaribu kukiona kipira cha asubuhi ile akilini mwangu na sikukiona. Huenda nilikitazama. Huenda niliandika mbili kwa kuwa daima ni mbili. Kitanda kilisogezwa lini? Na nani? Yawezekana ni mimi, nilipokuwa ninapiga deki.

Nilikwenda kwa mzee nikitaka, nadhani, anisifu. Nikamweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na asubuhi?" aliuliza.

"Niliandika mbili."

"Uliiona?"

"Sijui."

"Basi andika hivyo."

"Niandike sijui?"

"Rudia vizuri."

"Unaniambia niandike kwamba namba ya asubuhi sijui kama niliiona."

"Ni kweli," alisema. Kisha akageukia ukutani akalala.

Fomu ile haina mahali pa kuandika sijui. Nikaandika pembeni, herufi ndogo, nikatia sahihi. Nesi aliisoma akanivuta kando.

"Dada, mbona unajitafutia balaa? Bibi yuko salama. Wakiona hii watakuita ofisini."

"Najua."

"Sasa?"

"Sijui," nilisema, na ilikuwa kweli. Nilikuwa na mtoto nyumbani, na kazi hiyo ndiyo iliyotuweka mjini. Sikuweza kumweleza kwa nini mzee asiyejua mwaka amenizidi nguvu.

Waliniita. Walikuwa wapole kuliko nilivyoogopa, waliuliza maswali, waliandika. Nilipotoka niliipita fomu mlangoni kwa bibi. Chini ya maneno yangu palikuwa na mwandiko wa nesi: hata yeye, namba ya saa tano, hakuiona. Tangu siku hiyo tulizunguka wawili wawili kwenye vyumba vyenye oksijeni, mmoja anasoma, mwingine anarudia.

Milango ilipofunguliwa, mzee hakutoka tena. Miguu ilikuwa imeishiwa nguvu. Alifariki miezi michache baadaye, kwa ugonjwa wa moyo, mchana, nesi akiwa naye na mimi nikiwa kwenye siku yangu ya mapumziko. Binti yake, mama wa makamo aliyekuwa akimpungia mkono kutoka nje ya dirisha wakati wote wa kufungiwa, alikuja kuchukua vitu. Nilimsaidia kubeba sanduku mpaka kwenye gari.

"Baba yako alinifundisha mengi," nilimwambia. "Kazi ya mitambo. Miaka thelathini si michezo."

Alisimama. "Miaka thelathini gani?"

"Ya nyuklia."

"Baba aliuza viatu," alisema. "Alikuwa na duka la viatu mpaka anastaafu. Kule kituoni alikaa miaka miwili, kabla sijazaliwa. Miwili tu. Aliacha."

"Kwa nini aliacha?"

"Hakuwahi kusema. Mama pia hakujua, au hakutaka kusema."

Niliwaza mambo mengi kwa mpigo mmoja, hasa namba ambayo pengine naye aliwahi kuiandika bila kuiona, na hakuna hata moja nililoweza kumtupia mwanamke aliyefiwa. Huenda aliacha tu kwa sababu alipenda viatu.

Kisha akafunga buti la gari, akanisogelea karibu kuliko tulivyoruhusiwa, akaniuliza kazi yenyewe ilikuwa nini, maana nyumbani kwao haikuzungumzwa. Nikaanza kumweleza, kwa Kiingereza changu, pale kwenye maegesho: mzunguko, mabomba, kibandiko chekundu, maneno yanayopita mara tatu. Aliniuliza maswali. Mengine niliyajibu, mengine nilimwambia hapo sina hakika. Tulisimama karibu nusu saa, mpaka nesi akatokea mlangoni kuniita, kwa kuwa zamu ilikuwa imeshaanza.