Sahani za Kutupa Harusini Maneromango

Jamani, wa kunicheka nicheke mapema, maana nikishaanza sitaki kukatizwa: mimi, mke wa mtu, mfanyakazi wa ofisi yenye kiyoyozi, nimeburutwa na mbuzi mbele ya wakwe huku nimevaa sare ya harusi na kiatu cha kisigino, na mpaka leo nikikumbuka nikiwa peke yangu jikoni naziba uso kwa mikono.

Chanzo ni sahani. Wifi yangu Mwajuma alikuwa anaolewa kwao Maneromango, na mama mkwe, ambaye tangu niolewe hajawahi kunipa hata kitunguu nimenye (mimi ni Mpare wa mjini, nadhani alinionea huruma), safari hii akasema chakula nikisimamie mimi. Nikasema moyoni, leo watajua kuwa mama naye ana mkamwana. Nilishasikia kwamba kule vyombo vya shughuli huazimwa nyumba kwa nyumba, nikaona ya nini kusumbua watu karne hii, nikapita mjini baada ya kazi nikabeba maboksi ya sahani nyeupe za plastiki, zile nyepesi za kula ukatupa, na vijiko vyake, na vikombe vyake, na sinia za karatasi ambazo hata sikujua ni za nini, kwa sababu mimi nikiona kitu kinauzwa kwa bei ya jumla mkono unakuwa si wangu. Nikampigia mama mkwe nikamwambia awaambie majirani wasihangaike na vyombo, kila kitu kipo. Akasema haya basi, akakata simu.

Siku yenyewe tukatoka kwetu Misugusugu alfajiri, barabara ikatupepeta kama mchele, na tulipofika ua ulikuwa umefagiwa na moto umewaka, lakini wanawake hakuna. Walikuwepo mashangazi wachache na mama mkwe mwenyewe, anageuza pilau huku jasho linamtiririka. Nikamnong'oneza mume wangu kuwa watu wa huku nao kwa kuchelewa (Mungu anisamehe).

Wakwe wa Mwajuma wakaingia, wazee wa kanzu wakaketishwa mkekani, tukapakua. Sasa pilau ilikuwa ya moto na mchuzi wa moto zaidi, na ile sahani ilipoupata mchuzi ikalegea katikati, ikamwaga vyote kwenye kanzu ya baba yake bwana harusi. Nikasema tuzipange mbilimbili. Zikalegea mbilimbili. Tunahangaika na tatutatu, upepo ukaingia kwenye maboksi niliyoyaacha wazi na sahani zikaruka, nyingine kwenye mihogo, nyingine juu ya paa, na moja ikatua mbele ya mbuzi wa mama mkwe, naye akaanza kuitafuna taratibu kama aliyealikwa. Nikamkimbilia, nikadaka mguu wa nyuma, mbuzi akaenda na mimi nikaenda, tukapita mbele ya wazee wote mpaka kwenye majivu ya jiko, lakini sikumwachia, na ile plastiki niliichomoa mdomoni kwa vidole vyangu hivi vilivyopakwa rangi ya dhahabu.

Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Pilau imejaa sufuriani haina pa kuwekwa, na wageni wa upande wa mume wakiondoka na njaa, Mwajuma atasimangwa ukweni mpaka azeeke. Mama mkwe akanivuta pembeni, akanifuta majivu usoni kwa upindo wa khanga yake.

"Mwanangu, mie sikuwa nataka sahani," akasema. "Nilikuwa nawataka wenye sahani."

Ndipo nikaelewa. Kule ukiazima sahani, mwenyewe anaifuata: anakuja kupika, anaosha, anakula, anacheza, na jioni anarudi na chake. Kwa simu yangu ile nilikuwa nimewaambia wanawake wa kijiji kizima kwamba hawatakiwi harusini.

Tukatoka, yeye mbele na mimi nyuma, viatu mkononi. Nyumba ya kwanza ni ya Bi Kibibi, jirani yao wa miaka yote. Tulimkuta amekaa kizingitini, amejipamba, wanja machoni, na kando yake kapu la sahani za bati zimeoshwa tayari. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kusogea.

"Tulisikia mmetosheka," akasema.

"Hatujatosheka, bibi," nikamjibu. "Tunawaomba mje."

Akanitazama kuanzia majivu ya kichwani mpaka miguu peku. Kisha akajitwika kapu, akapiga kigelegele. Nyumba ya pili ikaitikia, ya pili ikaitikiwa na ya mbele yake, na milangoni wakaanza kutoka wanawake, wote wamevaa, wote na makapu tayari kichwani. Walikuwa wamejiandaa tangu asubuhi wakisubiri kuitwa. Nikalia njiani kama mtoto.

Wakwe walikula wakashiba. Wakati wa kuosha nikaona kila sahani ina alama ya rangi chini yake, huyu mstari mwekundu, yule nukta ya kijani, nyingine zimebanduka pembeni kwa uzee. Nikaokota moja nikauliza ni ya nani, nikaambiwa ni ya Bi Tatu, alishafariki zamani, lakini sahani yake bado inaitwa kwenye harusi. Nikaishika nisijue niiweke wapi. Zangu mimi hazikumaliza hata mlo mmoja, na kesho yake nilishinda nimeinama kwenye mihogo nikiziokota.

Kwangu Misugusugu nina kabati la vioo lenye sahani za ukingo wa dhahabu ambazo hazijawahi kuguswa na ugali. Niliporudi nikazitoa zote, nikazipiga nukta chini kwa ile rangi yangu ya dhahabu ya kucha, nikamgongea Mama Neema wa jirani, aliyekuwa na kipaimara cha binti yake na ambaye nilikuwa namsalimia tu kupitia dirisha la gari. Siku ya shughuli yake nilikwenda nazo mwenyewe, nikaosha vyombo mpaka mikono ikakunjamana.

Zimerudi pungufu moja. Zamani ningeugua. Sasa nasikia iko Kongowe, kwenye arobaini ya watu nisiowajua, na kuna mama amesema mwenye hiyo nukta ya dhahabu aitwe.