Msiba Usio na Matanga

Nilirudi Kisauni na shahada ya saikolojia, nikakuta chumba cha mama kimekuwa changu. Mama alikuwa amestaafu kazi ya kufua nguo katika hoteli moja ya Shanzu, na alikuwa amekwisha kufunga mizigo yake arudi kwetu Kaloleni, kulima mihogo na kufuga mbuzi.

"Wewe kaa hapa," aliniambia. "Kazi ziko mjini. Huko shamba utamshauri nani, mbuzi?"

Tulicheka wote wawili. Gari lilipomchukua nilirudi ndani nikakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza maishani nikasikia jinsi chumba kile kilivyoweza kunyamaza.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba vingi na ukumbi mrefu katikati. Jioni wanawake wa nyumba hukaa nje barazani wakichambua mchicha na kuteta. Nililelewa miongoni mwao. Wengine walinibeba mgongoni. Lakini siku niliyotoka na kigoda changu nikaketi nao, mmoja akasema, "Jamani, chungeni vinywa. Huyu sasa husoma watu mioyo."

Wakacheka, nami nikacheka nao. Ila yule aliyekuwa akimsema mumewe aligeukia habari za vitunguu kupanda bei, na wenziwe wakamfuata huko. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Hakuna aliyenifukuza. Walinisalimu vizuri, walinijazia mbaazi kwenye bakuli, lakini kila nilipoketi maneno yao yalivaa nguo za kutokea. Mwishowe nikaanza kujifanya nina shughuli ndani.

Shughuli yenyewe sikuwa nayo. Nilikuwa nimedhani kwamba shahada ingenifanya mshauri nasaha. Kumbe mshauri lazima asome zaidi, afanye kazi chini ya jicho la mkubwa wake, kisha ndipo asajiliwe. Wenzangu wa chuo walikuwa wamebaki bara. Kundi letu la simu lilikuwa na kelele za mipango hapo mwanzo, baadaye likawa la kupongezana siku za kuzaliwa, kisha hata hizo zikapita kimya.

Nikaitwa kwenye usaili katika kiwanda kimoja Changamwe, ofisi ya wafanyakazi. Nilivaa gauni nililoshonewa sherehe ya mahafali kwa sababu ndilo lililokuwa na heshima. Meneja alikuwa mtu mpole, mwenye haraka.

"Tuna wizi kwenye ghala," alisema. "Ukimtazama mtu machoni, waweza kujua kama anadanganya?"

"Hapana. Siwezi."

"Sasa miaka yote hiyo ulisomea nini?"

"Nilisomea watu wanavyofikiri, wanavyojifunza, wanavyoumia."

"Wanavyoumia," alirudia, akaitazama saa yake. "Sisi hapa mtu akiumia tunampeleka zahanati."

Alinipa mkono, nikatoka. Nilisimama kando ya barabara malori ya makontena yakipita, na kicheko kikanipanda. Yalikuwa maneno ya kuchekesha kweli. Nikatoa simu ili nimsimulie mtu, nikayapitia majina yote, nikaona kila mmoja kwanza ingebidi nimweleze kwa nini nimepotea muda mrefu hivyo. Nikairudisha simu mkobani. Nilipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimegeuka kitu kingine.

Kanisa letu lilikuwa na chumba nyuma, na humo mama mmoja, muuguzi mstaafu aliyesajiliwa kuwa mshauri, alikuwa akiwasikiliza watu bila malipo. Nilimwendea nikamwomba anifundishe kazi. Alinitazama kutoka viatuni hadi kilembani.

"Utakaa nami kwanza, umefumba mdomo," alisema. "Kisha nitakupa mtu mmoja. Kila ukimaliza naye, waja kwangu unieleze ulifanya nini na kwa nini. Na jambo moja ulishike: ukikutana na mteja njiani, usimsalimu wewe kwanza. Pengine yuko na watu wasiojua kwamba huja hapa."

Mtu wangu wa kwanza alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye leso mbili zilizofuliwa zikapauka. Aliniruhusu niyaandike haya, na mambo kadhaa nimeyabadilisha ili asijulikane. Alikuwa yaya katika nyumba moja ya Nyali. Alikuja kwa sababu alikuwa hali chakula, na dadake amechoka kumbembeleza.

Nikamwuliza kama nilivyofundishwa, nikitafsiri Kiingereza kichwani mwangu, "Na hilo linakufanya ujisikieje?"

Akanikazia macho. "Mimi sijisikii, mwanangu. Uliza popote. Sina maringo na mtu."

Uso ulinichoma kwa haya. Huku kwetu mtu anayejisikia ni mwenye majivuno, na neno hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni. Chuo kilikuwa kimenisahaulisha. Nikaanza upya. "Moyo wako ukoje, mama?"

Akashusha pumzi. "Una ukiwa," alisema. Kisha akaeleza.

Alikuwa amemlea mtoto wa tajiri wake, binti, tangu kitovu hakijakauka. Alimwogesha, alimfundisha kutembea, alilala naye wazazi wake wakisafiri. Kisha baba mtu akapata kazi ng'ambo na nyumba ikafungwa. Siku ya safari mtoto alimlalia begani njia nzima mpaka uwanja wa ndege. Mama yake akasema wasimwamshe, asije akalia. Wakamtoa begani taratibu, wakaingia naye ndani.

"Hakuniaga," alisema. "Ameamka ndani ya ndege, mimi sipo. Sijui walimwambia nimekwenda wapi."

Nyumbani alipolia, dadake alimwuliza, "Unamlilia mtoto wa watu? Si mzima, yuko Ulaya anakula vizuri?" Majirani wakampongeza kwa friji aliyoachiwa.

"Angekufa mamangu, wangekuja na mikeka, tungekaa matanga," aliniambia. "Huu nao ni msiba, lakini hauna matanga. Nimwite nani?"

Nikamwambia tu, "Nieleze huyo mtoto alivyokuwa."

Alieleza saa nzima. Mtoto hakula wali mpaka ufinyangwe matonge na kila tonge lipewe jina la mnyama. Alimla ndovu kwanza, sungura akamwacha mwisho kwa huruma. Nilijikuta nacheka, naye akacheka huku akijifuta kwa pembe ya leso.

Aliendelea kuja kila Alhamisi. Akaanza kula. Nami nikaanza kuishi kwa kungoja Alhamisi. Siku nyingine zote zilikuwa za kupitisha tu. Nilifika mapema, nikafagia chumba, nikapanga viti, nikavipanga tena. Yule muuguzi, ambaye sasa alikuwa msimamizi wangu, aliniona.

"Wewe unaitaka Alhamisi kuliko anavyoitaka yeye," alisema.

"Ni kazi yangu, mama."

"Sikukatazi kuipenda. Nakuuliza: una watu?"

"Ninao."

"Wako wapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikalia. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Hakunishika wala hakuniharakisha. Kisha akasema, "Tafuta watu wako. Yule mama hakuja hapa kukuondolea upweke. Ukimgeuza hivyo, siku akipona utaona amekuacha."

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli, na nikakusudia kuyashika yote, pamoja na ile kanuni ya njiani. Ndiyo iliyoniponza. Jumamosi moja nilikwenda sokoni Kongowea kununua samli na nazi, nikamwona anakuja mbele yangu na wanawake wawili. Aliniona. Uso wake ulifunguka. Nami, kwa utiifu, nikayashusha macho kwenye nazi, nikampita.

Pwani hii mtu humsalimu hata asiyemjua. Kumpita mkubwa wako bila salamu ni kumwambia si mtu. Nilijua hayo wakati ule ule nilipokuwa nikiyatenda, na mgongo wangu ulihisi macho yake mpaka nilipotoka sokoni.

Alhamisi alichelewa, nikadhani haji. Alipokuja hakuketi.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Leo ndiyo wanijua?" Alisimama mlangoni. "Nimekueleza siri ambazo dadangu hazijui. Kisha wanipita kama gogo! Wale waliniondokea bila kwaheri, nikasema ni wageni, hawajui desturi. Na wewe, mtoto wa hapa hapa?"

Nilimweleza kanuni na sababu yake. Nikasema, "Ningekuuliza tangu siku ya kwanza tukikutana nje tufanyeje. Sikukuuliza. Niwie radhi."

Aliingia hatua moja. "Kwa hivyo ulikuwa unanistiri?"

"Nilidhani hivyo."

"Haya. Siku nyingine nistiri kwa shikamoo. Wakiniuliza, nitasema wewe ni mtoto wa kanisani. Si uongo."

Akaketi. Siku ile ndiyo alinisimulia kwamba waliwahi kupiga simu, ya picha. Mtoto aliambiwa amsalimu yaya. Akapunga mkono, akakimbia kwenda kucheza. "Amenisahau," alisema. "Na ndivyo inavyotakiwa. Akinikumbuka atateseka. Lakini mimi nani atanisaidia kusahau?" Tulikaa naye hapo hapo, katika swali lake, na safari hii sikuona haja ya kulikimbia.

Msimu wa mvua ulipoanza alikuja na kikapu cha maembe mabichi. "Nimepata kazi Malindi, kumtunza bibi mmoja mzee," alisema. "Nimekuja kuaga." Alinishika mikono miwili, akaniombea dua ndefu ya Kigiriama ambayo baadhi ya maneno yake nilikuwa sijayasikia tangu nyanyangu afariki. Kisha akaenda zake. Nilibaki na kile chumba na viti vyake, nikala embe moja bila chumvi, huku nalia.

Nilipomweleza mama msimamizi, alinishauri nichague ni watu gani nitakaowahudumia. Alisema amenisikia nikizungumza juu ya yule mtoto wa matonge, na kwamba mimi huchangamka zaidi habari zikifika kwa watoto. Kuna shule ndogo ya chekechea Likoni, akasema, inatafuta msaidizi wa darasa kwa watoto waliochelewa kusema. Kazi si ya shahada. "Lakini utajifunza, na Jumamosi utasoma stashahada ya ushauri. Njia ni ndefu. Bora uanze."

Nilianza. Kila asubuhi navuka kwa feri kwenda Likoni, nakaa sakafuni na watoto ambao hawajasema neno, tukipanga vifuniko vya chupa kwa rangi. Kazi hii naipenda. Jioni narudi chumbani, na upweke bado unanifungulia mlango, sitasema umekwisha. Kuna siku nazungumza na redio.

Jumamosi, wakati wa chai, wanafunzi wenzangu hununua bajia nje ya darasa. Wiki za mwanzo nilisimama peke yangu nikiitazama simu isiyo na kitu. Jumamosi iliyopita nilimwendea mama mmoja aliyekaa kwenye ngazi, mkoba wake kando yake.

"Naweza kukaa hapa?"

Akausogeza mkoba. Hatukusema mengi. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Kisauni, akasema yeye ni wa Changamwe, kisha tukala bajia zetu mpaka tukaitwa ndani.