Mashine ya Moyo Iliyofungiwa Ofisini

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, metroni, mkuu wa wauguzi, alinitembeza hospitali nzima ya serikali huko Kajiado. Tulipofika ofisi ya daktari mkuu, alinionyesha kupitia dirisha mashine iliyofunikwa kwa kitambaa cha kufuma.

"Hiyo ni ECG. Inachora mapigo ya moyo kwenye karatasi. Wauguzi hawaigusi."

"Sawa, metroni," nikaitikia. Nilikuwa msichana kutoka Bungoma, nimelelewa kutii.

Nilitii miaka mitatu. Kisha asubuhi moja akaletwa Mzee Lemayian, mwenye bucha Kitengela. Alikuwa amekuja na mkewe kununua ng'ombe, maumivu yakamshika sokoni. Shati lilikuwa limelowa jasho.

"Sopa, mzee," nikamsalimu kwa Kimaasai. "Unaumwa wapi?"

"Ipa," akaitikia. "Hapa katikati, Sista. Ni kama mtu amenikalia. Na huu mkono ni mzito."

Afisa wa kliniki aliyekuwa zamuni, anayetibu daktari asipokuwepo, alisema ni asidi ya tumbo, akamwandikia vidonge vya kutafuna. Mimi nilishuku mshtuko wa moyo, yaani mshipa unaolisha moyo umeziba na sehemu ya moyo imeanza kufa. ECG ingetuonyesha, tungempa aspirini na kumkimbiza Nairobi. Bila maandishi ya afisa, hata hiyo aspirini sikuruhusiwa kutoa. Na ufunguo wa ofisi alikuwa nao daktari mkuu, naye alikuwa mkutanoni Nairobi. Nikaomba mlango uvunjwe.

"Nekesa, unataka nifutwe kazi?" metroni akaniuliza.

Mzee alikata roho kabla ya saa saba mchana, mkewe akimpepea kwa leso. Nikaagizwa nimwambie mama huyo kwamba walichelewa kumleta. Nikamwambia hivyo, na nilijua ni uongo.

Miaka michache baadaye nilipelekwa nchi nyingine ya Afrika kwa mafunzo ya miezi mitatu. Nilitarajia majumba ya vioo. Nikakuta paa linalovuja kuliko letu na maji ya kubeba kwa ndoo. Lakini ECG yao ilisimama kando ya kitanda cha dharura, imechubuka kwa kutumiwa. Mgonjwa akitaja kifua tu, muuguzi anampima, ndipo anamwita daktari. Niliona watu wakiingia vile alivyoingia Mzee Lemayian, na baadaye wakirudi nyumbani kwa miguu yao.

"Kwenu nani hupima?" muuguzi mmoja akaniuliza.

"Daktari mkuu."

"Na asipokuwepo?"

Nilienda chooni nikalia kwa hasira. Miaka yote nilikuwa nimejiambia kwamba tunashindwa kwa sababu ya umaskini.

Niliporudi nilimweleza daktari mkuu yote. Hakuinua macho. "Ulitumwa kujifunza, si kutufundisha. Wagonjwa wa moyo wanakufa kila nchi."

"Hawafi sawa, daktari."

Wiki iliyofuata nikapewa barua ya uhamisho: zahanati moja upande wa Magadi, kwenye joto la kukausha mate, ambako hakukuwa na mashine ya kuulizia. Nilikaa huko miaka sita.

Katikati ya miaka ya elfu mbili nikahamishiwa kituo kimoja cha afya Kitengela. Mkuu wake, daktari mwanamke kijana kuliko mimi, alisikiliza kisa changu hadi mwisho. "ECG yetu iko bado kwenye katoni, Sista. Itoe, uwafundishe wote." Nikawafundisha wote, hata wa kliniki ya watoto. Wagonjwa wengine tuliwapoteza, lakini baada ya kujaribu.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, afisa mmoja kutoka makao makuu ya kaunti alisimama akasifu uvumilivu wangu. Watu wakapiga makofi. Nikaomba maikrofoni.

"Bwana afisa, hilo lifute," nikasema. "Miaka niliyovumilia, watu walikufa mikononi mwangu. Nyinyi vijana mnaobaki, msivumilie."

Nikamrudishia maikrofoni yake, nikaketi.